Kibali cha jimbo lingine cha kubeba silaha kwa kificho (Marekani)

Kibali cha jimbo lingine cha kubeba silaha kwa kificho ni kibali ambacho mtu anayeishi Marekani hupewa na jimbo ambalo yeye si mkazi wake. Kibali hicho humruhusu kubeba bastola mwilini, chini ya nguo au ndani ya mkoba, akiwa mahali pa umma bila watu wengine kuiona. Kwa kawaida huombwa na mtu ambaye kibali cha jimbo lake hakitambuliwi katika majimbo anayosafiri, au ambaye jimbo lake humpa kibali kwa shida.

Vibali vya namna hii vilienea hasa baada ya miaka ya 1990, majimbo mengi yalipolegeza masharti ya kubeba silaha huku kila moja likibaki na sheria yake. Tangu miaka ya 2010 kumekuwa na mjadala kama bado vina maana, kwa kuwa majimbo mengi zaidi yanaruhusu kubeba silaha bila kibali chochote. Jibu hutegemea mahali mtu anapoishi, anakokwenda na njia anayopita.

Chanzo cha suala

Marekani ni shirikisho la majimbo 50. Marekebisho ya Pili ya Katiba, yaliyoidhinishwa mwaka 1791, yanataja haki ya wananchi ya kuwa na silaha na kuzibeba. Hata hivyo hakuna kibali cha taifa zima kwa raia wa kawaida. Kila jimbo hutunga sheria yake kuhusu nani anaweza kubeba bastola, kwa masharti gani na mahali gani.

Watu wengi hulinganisha kibali hiki na leseni ya udereva, lakini ulinganisho huo unapotosha. Leseni ya udereva ya Texas inakubaliwa New York na California bila maswali. Kibali cha silaha cha Texas hakikubaliwi katika majimbo hayo mawili, na anayekitegemea huko anaweza kushtakiwa kama mtu asiye na kibali kabisa. Hali hii ni tofauti pia na ya nchi kama Kenya, ambako leseni ya silaha hutolewa na bodi moja ya kitaifa chini ya sheria moja.

Historia

Katika karne ya 19 majimbo kadhaa yalipiga marufuku kubeba silaha kwa kificho. Kentucky na Louisiana yalifanya hivyo mapema, mwaka 1813. Fikra ya wakati ule ilikuwa kwamba mtu mwema hubeba silaha yake waziwazi, na anayeificha ana nia mbaya. Mwaka 1911 jimbo la New York lilipitisha sheria iliyodai kibali kwa bastola, na baadaye likadai mwombaji aoneshe sababu maalumu kabla ya kuruhusiwa kuibeba.

Vermont lilikwenda njia nyingine. Halikuwahi kuwa na kibali cha jimbo cha kubeba silaha, na mwaka 1903 mahakama yake ya juu ilibatilisha kanuni ya mji mmoja uliojaribu kudai ruhusa.

Badiliko kubwa lilianzia Florida. Mwaka 1987 jimbo hilo lilipitisha sheria iliyolazimu mamlaka kumpa kibali kila mwombaji aliyetimiza masharti yaliyoandikwa. Majimbo mengi yalifuata mfano huo katika miaka ya 1990, likiwemo Texas, ambalo sheria yake ya mwaka 1995 ilianza kutumika mwaka 1996. Illinois lilikuwa la mwisho kuruhusu kubeba silaha kwa kificho, mwaka 2013, baada ya mahakama ya rufaa ya shirikisho kuamua kwamba katazo lake lilikiuka katiba.

Wimbi la pili lilikuwa la kuondoa sharti la kibali. Alaska lilifanya hivyo mwaka 2003 na Arizona mwaka 2010. Utah na Texas yalifuata mwaka 2021, Florida mwaka 2023, kisha South Carolina na Louisiana mwaka 2024. Kufikia mwisho wa mwaka 2024 majimbo 29 yalikuwa yakiruhusu mtu mzima anayestahili kubeba bastola kwa kificho bila kibali.

Kwa upande wa mahakama, Mahakama Kuu ya Marekani iliamua mwaka 2008, katika kesi ya District of Columbia v. Heller, kwamba haki ya kuwa na silaha ni ya mtu binafsi. Mwaka 2010, katika kesi ya McDonald v. Chicago, ikasema haki hiyo inayabana majimbo pia. Tarehe 23 Juni 2022, katika kesi ya New York State Rifle & Pistol Association v. Bruen, majaji sita dhidi ya watatu walibatilisha sharti la New York la kuonesha sababu maalumu. Hukumu hiyo, iliyoandikwa na Jaji Clarence Thomas, haikufuta vibali. Ilizuia maafisa kumnyima mtu kibali kwa hiari yao tu.

Aina za taratibu

Kabla ya mwaka 2022 taratibu za majimbo ziligawanywa katika makundi matatu:

- Kibali kwa hiari ya afisa: polisi, sherifu au jaji aliweza kukataa ombi hata kama mwombaji alitimiza masharti yote. New York, New Jersey, Maryland, California, Massachusetts na Hawaii yalikuwa katika kundi hili.
- Kibali kwa mujibu wa sheria: anayetimiza umri, mafunzo na uchunguzi wa rekodi ya jinai lazima apewe.
- Bila kibali: yeyote asiyekatazwa na sheria kumiliki silaha anaweza kuibeba.

Baada ya hukumu ya Bruen kundi la kwanza limekosa msingi wa kisheria, ingawa majimbo yaliyokuwamo bado yana masharti mazito ya mafunzo, ada na maeneo yaliyokatazwa. Majimbo mengi ya kundi la tatu yanaendelea kutoa vibali kwa wanaovitaka. Sababu kuu ni kwamba wakazi wake wanavihitaji wanaposafiri.

Kutambuana kwa vibali

Kila jimbo huamua lenyewe ni vibali vya majimbo gani litavikubali. Kuna njia nne zinazotumika.

Baadhi ya majimbo, kama Utah na Virginia, hukubali kibali halali cha jimbo lolote, ingawa Virginia huweka masharti machache kama vile umri wa miaka 21.

Mengine hukubali kibali cha jimbo ambalo nalo linakubali chao, au ambalo masharti yake yanalingana na yao. Washington ni mfano: hutaka jimbo la pili litambue kibali cha Washington na liwe linachunguza waombaji kwa alama za vidole.

Kundi la tatu hukubali kibali cha jimbo lingine endapo tu mwenye kibali ni mkazi wa jimbo lililokitoa. Colorado na Michigan yana sharti hilo. Hapa kibali cha asiye mkazi hakina nguvu hata kidogo, ingawa kadi yenyewe ni halali na haijaisha muda.

Kundi la nne halitambui kibali cha jimbo lolote. Humo mna California, New York, New Jersey, Maryland, Massachusetts, Connecticut, Hawaii, Illinois na Oregon, pamoja na mji mkuu wa Washington, D.C. Ndani ya jimbo la New York kwenyewe, kibali kilichotolewa nje ya New York City kwa kawaida hakitumiki ndani ya jiji hilo bila idhini ya polisi wa jiji.

Utambuzi unaweza kubadilika haraka. Mwezi Desemba 2015 mwanasheria mkuu wa Virginia alitangaza kwamba jimbo litaacha kutambua vibali vya majimbo 25. Wiki chache baadaye gavana na wabunge wakapatana, na kuanzia Julai 2016 Virginia likatambua vibali vya majimbo yote. Msafiri aliyetumia orodha ya mwaka uliotangulia angeweza kukosea pande zote mbili.

Majimbo yanayotoa vibali kwa wasio wakazi

Majimbo yanayojulikana zaidi kwa kutoa vibali kwa watu wa nje ni Utah, Florida, Arizona, Virginia, New Hampshire na Maine. Cha Utah na cha Florida ndivyo vilivyopata umaarufu mkubwa, kwa sababu vinatambuliwa na majimbo mengi na ombi linaweza kutumwa kwa posta.

Kibali cha Utah hudumu miaka mitano. Mwombaji huhudhuria somo linalotolewa na mkufunzi aliyeidhinishwa na jimbo hilo, lakini wakufunzi hao wako hata nje ya Utah. Kwa hiyo watu wengi wana kibali cha Utah bila kuwahi kufika huko. Tangu mwaka 2011 Utah humtaka mwombaji wa nje awe kwanza na kibali cha jimbo lake, ikiwa jimbo hilo linatambua kibali cha Utah. Leseni ya Florida hudumu miaka saba. Mwombaji huwasilisha ushahidi wa mafunzo na alama za vidole.

Baadhi ya majimbo hutoa kibali kwa wasio wakazi kwa sababu tofauti kabisa: hayatambui vibali vya wengine, hivyo ombi la moja kwa moja ndiyo njia pekee. Massachusetts hutoa leseni ya muda kwa wasio wakazi. New York City ilianza kupokea maombi ya wasio wakazi mwaka 2024, baada ya hukumu ya Bruen kuzaa mashauri mengine mahakamani. Oregon huruhusu masherifu kuwapa kibali wakazi wa majimbo yanayopakana nalo.

Faida

Faida ya kwanza ni kuongeza idadi ya majimbo ambamo mtu anaweza kubeba silaha kihalali. Mfano mzuri ni mpaka wa Oregon na Washington. Mji wa Portland ulio Oregon na mji wa Vancouver ulio Washington vimetenganishwa na Mto Columbia tu, na watu huvuka daraja kila siku kwenda kazini. Kwa kuwa Oregon halitambui kibali cha Washington, Washington nalo halitambui cha Oregon. Mkazi wa Portland anayetaka kubeba bastola upande wa pili hulazimika kuomba kibali cha Washington chenyewe, au kutumia cha Utah, ambacho Washington limekuwa likikitambua.

Faida ya pili inahusu shule. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1990, iliyopitishwa upya mwaka 1996 baada ya Mahakama Kuu kuibatilisha mara ya kwanza katika kesi ya United States v. Lopez ya mwaka 1995, inakataza kuwa na bunduki au bastola ndani ya futi 1,000 (karibu mita 305) kutoka shuleni. Sheria hiyo humwondolea katazo mtu aliyepewa leseni na jimbo ambamo shule ipo. Maneno ya sheria hayamtaji mtu ambaye kibali chake kinatambuliwa tu na jimbo hilo, wala anayebeba bila kibali kwa sababu jimbo linaruhusu. Mijini ni vigumu kuendesha gari kilomita chache bila kupita karibu na shule. Kwa hiyo mtu anayekwenda mara kwa mara katika jimbo fulani ana sababu ya kutafuta kibali cha jimbo hilohilo, hata kama sheria ya jimbo haimlazimishi. Silaha isiyo na risasi iliyofungiwa ndani ya kasha haiguswi na katazo hilo.

Faida ya tatu ni akiba. Kibali cha nyumbani kikichelewa kuhuishwa, au jimbo moja likiacha kukitambua, kibali cha pili kinaweza kuziba pengo katika majimbo mengine.

Mipaka na hatari

Kibali cha jimbo lingine hakimruhusu mtu kubeba silaha katika jimbo lake mwenyewe, isipokuwa sheria ya nyumbani iseme hivyo. Mkazi wa New Jersey mwenye kibali cha Utah bado anahitaji kibali cha New Jersey akiwa kwao.

Pili, kadi nyingi hazina thamani mahali zinapohitajika zaidi. Majimbo yaliyo rahisi kuyaingia na silaha mengi yameshaondoa sharti la kibali, na majimbo magumu hayatambui kibali cha nje hata mtu akiwa navyo vitano. Kinachobaki ni majimbo machache ya katikati, ambayo yanadai kibali lakini yanakubali vya wengine.

Tatu, anayebeba silaha hufuata sheria zote za jimbo alilomo, wala si za jimbo lililompa kibali. New Jersey na California huzuia magazini zinazobeba risasi zaidi ya 10, na Colorado zaidi ya 15. New Jersey lina masharti pia juu ya risasi zenye tundu kwenye ncha. Michigan humtaka mtu amwambie polisi mara moja, anaposimamishwa, kwamba amebeba silaha. Majimbo mengine hudai hivyo akiulizwa tu. Orodha za maeneo yaliyokatazwa, kama baa, makanisa na hospitali, hutofautiana pia.

Nne, kuna gharama: ada ya ombi, somo, alama za vidole, picha na uhuishaji wa kila miaka michache. Kwa mtu mwenye vibali viwili au vitatu gharama hizo hujirudia.

Adhabu ya kukosea ni kubwa. Massachusetts huweka kifungo kisichopungua miezi 18 kwa kubeba bastola bila leseni. New Jersey huhesabu kosa hilo kuwa la daraja la pili, lenye kifungo cha miaka 5 hadi 10, na sheria yake huweka miezi 42 ya kukaa gerezani bila msamaha wa mapema.

Kesi moja ilionesha uzito huo. Mwaka 2013 mama mmoja mkazi wa Pennsylvania aliingia New Jersey kwa gari akiwa na bastola na kibali halali cha jimbo lake. Aliposimamishwa na polisi kwa jambo la barabarani, yeye mwenyewe alimweleza askari kuhusu silaha na kibali. Hakujua kwamba kibali hicho hakikuwa na nguvu baada ya kuvuka mpaka. Alikamatwa na kukabiliwa na kifungo cha miaka kadhaa, ingawa hakuwa na rekodi ya jinai. Baada ya kesi hiyo kuzua mjadala nchini, mwaka 2014 aliruhusiwa kuingia katika mpango wa kurekebishwa badala ya gereza, na mwaka 2015 gavana Chris Christie alimpa msamaha. Hakuna kibali cha jimbo la tatu ambacho kingemwokoa, kwa kuwa New Jersey halitambui chochote.

Sheria nyingine za shirikisho

Sheria ya mwaka 1986 ya kulinda wenye silaha humruhusu mtu kupita na silaha katika jimbo linaloikataza, mradi ni halali kwake mahali alikotoka na anakokwenda. Silaha lazima iwe haina risasi, na yenyewe pamoja na risasi zisifikiwe kwa urahisi kutoka sehemu ya abiria. Gari lisilo na buti tofauti linahitaji kasha lililofungwa kwa kufuli. Kinga hiyo ni ya kusafirisha, si ya kubeba mwilini. Kwa msafiri anayevuka majimbo magumu, mara nyingi inamsaidia zaidi kuliko kadi ya ziada.

Sheria ya mwaka 2004, iliyotiwa saini na Rais George W. Bush, huwaruhusu polisi na polisi wastaafu wanaotimiza masharti kubeba silaha kwa kificho katika majimbo yote. Hao hawahitaji vibali vya majimbo mengine.

Kibali cha jimbo lolote hakimruhusu raia kuingia na silaha katika majengo ya serikali ya shirikisho, ofisi za posta, au eneo la uwanja wa ndege lililo ndani ya ukaguzi wa usalama. Katika ndege silaha husafirishwa kwenye mzigo wa chini tu, bila risasi ndani yake, katika kasha gumu lililofungwa, baada ya kutangazwa kwa shirika la ndege. Katika hifadhi za taifa, tangu Februari 2010, hufuatwa sheria ya jimbo ambamo hifadhi ipo.

Wageni na wahamiaji

Suala hili linawagusa pia Waafrika Mashariki wanaoishi Marekani. Sheria ya shirikisho inamkataza mtu aliyeingia kwa viza ya muda, kwa mfano ya mwanafunzi au mtalii, kuwa na silaha au risasi, isipokuwa kwa misamaha michache kama vile kuwa na leseni halali ya uwindaji. Asiye na ruhusa ya kuwapo nchini amekatazwa pia. Mwenye ukazi wa kudumu, maarufu kama "green card", hazuiwi na kifungu hicho. Kwa mgeni, kosa la silaha linaweza kuleta pia kufukuzwa nchini, hivyo hasara yake huzidi kifungo na faini.

Jitihada za sheria moja ya taifa

Wanaotaka mfumo mmoja wamependekeza mara nyingi kwamba kila jimbo lilazimishwe kutambua vibali vya mengine. Tarehe 6 Desemba 2017 Baraza la Wawakilishi lilipitisha muswada wa namna hiyo kwa kura 231 dhidi ya 198, lakini Seneti haikuupitisha. Muswada kama huo uliwasilishwa tena mwezi Januari 2025.

Watetezi wanasema haki ya kikatiba haipaswi kuisha mpakani, na kwamba utaratibu wa sasa unawatega watu wasio na nia mbaya. Wapinzani wanajibu kwamba majimbo yenye masharti ya mafunzo na uchunguzi yangelazimishwa kuwapokea watu wasiopitia masharti hayo, na kwamba mji wenye msongamano mkubwa hauna mahitaji sawa na kijiji cha mashambani. Katika mjadala huo kibali cha asiye mkazi hutajwa na pande zote mbili: kwa wengine ni daraja la lazima, kwa wengine ni mlango wa nyuma wa kukwepa sheria za nyumbani.

Tathmini

Kwa mkazi wa jimbo ambalo kibali chake kinatambuliwa kwa upana, kibali cha pili huongeza majimbo machache au hakiongezi lolote. Kwa mkazi wa jimbo lisilotambua vibali vya wengine, kama Oregon, ambaye huvuka mpaka mara kwa mara, kinaweza kuleta tofauti kubwa. Kwa anayefanya kazi mara nyingi katika jimbo moja la jirani, kibali cha jimbo hilo lenyewe kina nguvu kuliko kile cha jimbo la mbali lenye umaarufu, hasa kwa sababu ya katazo la maeneo ya shule.

Kwa ujumla thamani ya vibali hivi imepungua kadiri majimbo yanayoruhusu kubeba bila kibali yalivyoongezeka. Hata hivyo haijakwisha maadamu kila jimbo lina sheria yake. Orodha za utambuzi hubadilika kila mwaka, na zinazoaminika ni zile zinazotolewa na polisi au mwanasheria mkuu wa jimbo husika.

Tazama pia

- Katiba ya Marekani
- Mahakama Kuu ya Marekani
- Majimbo ya Marekani
- Bastola